Embe Ziko Mtini: Nani Khasa Anatuuzia Mpira Tunaoutizama?

Juzi barazani kwetu Michenzani ubishi ulianza baada ya sala ya magharibi ukaenda mpaka isha, watu wakaondoka bila ya kuelewana. Mmoja anasema TV imeshakwisha, mpira wote utahamia kwenye simu. Mwengine anasema hayo makampuni ya mtandaoni yakija kupambana na ving'amuzi bei itashuka tu, maana hata Darajani wauzaji wakizidi bei hushuka. Wa tatu ana banda la kuonesha mpira Jang'ombe, yeye lake moja tu: "Mie nalipia king'amuzi kila mwezi, sasa mechi ile mbona haikuwamo, si nimeibiwa?" Na kijana kakaa pembeni na simu yake anasema linki za bure zimejaa, kwani watu wanalipa nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu maneno hayo manne nayasikia kila pahala, Mkunazini, Mwanakwerekwe, Chake, mpaka kwenye boti ya kwenda Pemba, na naona yote yanatoka kwenye shina moja, hatujaelezwa vizuri kwamba tukilipa tunalipia kitu gani na huyu anayetuuzia yeye kakinunua kwa nani.

Tuanze na hilo neno, haki za matangazo. Kwetu mashamba mtu ana miembe yake lakini hana watu wa kuangua wala gari ya kupelekea mjini, basi anaziuza embe zingali mtini. Anakuja mnunuzi, anaizunguka miembe, anatizama imebeba vipi, anakadiria kichwani, wanapatana, analipa. Mikarafuu nayo watu hukodishana namna hiyo hiyo msimu ukikaribia. Sasa yule aliyenunua kanunua mavuno ya msimu ule tu, mti si wake, shamba si lake, na msimu ukisha mwenye mti yuko huru kumpa mtu mwengine kabisa. Upepo ukipiga embe zikapukutika, hasara ni ya aliyelipa.

Mpira ndo hivyo hivyo. Mwenye mti ni ligi au shirikisho, yaani Premier League ya Uingereza, TFF ya Tanzania, CAF ya Afrika, UEFA ya Ulaya, FIFA ya dunia nzima. Hawa ndo wanaomiliki mashindano. Mnunuzi wa mavuno ni kampuni ya matangazo, ananunua haki ya kuonesha mechi kwa misimu kadhaa, mara nyingi mitatu au minne, na kwa eneo fulani, tuseme Uingereza peke yake au Afrika kusini mwa Sahara. Halafu ndo anakuja kutuuzia sie embe mojamoja, kwa kifurushi cha mwezi. King'amuzi, ungo ulioko juu ya paa, aplikesheni kwenye simu, hivyi vyote ni gari tu ya kuletea embe sokoni. Ukinunua king'amuzi hukununua mpira, umenunua gari, na ndani ya gari mna kilichopakiwa msimu huu.

Kwa hiyo yule kaka wa Jang'ombe hakuibiwa. Kampuni yake haikununua mavuno ya mti ule, basi. Na inaweza kuwa mwaka juzi ilikuwa nayo, mkataba ukesha, mnada ukapigwa upya, akashinda mwengine, na yeye kule kwake kila kitu kinaonekana kile kile, ungo ule ule, rimoti ile ile, chaneli ile ile, ila mpira hamna.

Wenye umri kama wangu wanaikumbuka GTV. Ilikuja Afrika mwaka 2007 na Tanzania ikawamo, ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya mechi za ligi ya Uingereza kwa bara hili na ikauza kwa bei ya chini ili mtu wa kawaida aweze. Watu wakafurahi. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafunga, pesa za kuiendesha zimekwisha, na waliokuwa wamenunua vyombo vyake wakabaki navyo havioneshi kitu katikati ya msimu. Ile ndo hasara ya mnunuzi wa embe, isipokuwa pale upepo ulipiga na watazamaji wakapukutika pamoja nazo.

Hapa sasa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hili ndo linalowapoteza watu wengi, hili la kusema ushindani utashusha bei. Ndugu yangu barazani alitoa mfano wa Darajani, na kwa meza za Darajani kasema kweli, ukiona changu wa huyu ghali unasogea meza ya pili, na yeye akiona unaondoka anakuita anapunguza. Lakini hiyo ni kwa sababu changu wa huyu na changu wa yule wote ni changu. Mechi ya Arsenal na Liverpool iko moja tu duniani siku hiyo, na ikiwa anayo kampuni moja huwezi kusogea meza ya pili ukampata Arsenal mwengine. Haki hizi nyingi huuzwa kwa upekee, maana yake aliyenunua kwa eneo lake anaonesha yeye tu, na upekee huo ndo anaoulipia, kwa sababu ndo unaomlazimisha mtu aje kwake.

Ushindani upo, tena mkali, lakini hauko mezani. Uko mnadani. Na sie watu wa visiwani mnada wa samaki tunaujua tokea utotoni, asubuhi boti imeshuka, nguru kalazwa chini, dalali anaita. Wakiwapo wanunuzi wawili nguru anaondoka kwa bei ya upole. Wakija sita na kila mmoja ana hoteli inayomsubiri bei inapanda mpaka mtu wa nyumbani anaondoka mikono mitupu. Wanunuzi wakizidi mnadani bei hupanda, na aliyenunua ghali hawezi kukuuzia rahisi.

Tizama Uingereza kwenyewe. Mwaka 1988 ITV ilipata haki za mechi za ligi kuu yao kwa pauni milioni 44 kwa miaka minne, na watu wakitizama bure. Mwaka 1992 Premier League ilipoanza, Sky, ambayo ilikuwa kampuni changa ya satelaiti, ikakubali, pamoja na BBC, mkataba uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, na hapo mpira wa moja kwa moja ukaingia kwenye malipo mpaka leo. Muda mrefu Sky ikawa haina mpinzani wa kweli. Ilipojitokeza BT, kampuni ya simu, mkataba wa misimu mitatu kuanzia 2013 ukaruka kutoka kiasi cha pauni bilioni 1.8 mpaka bilioni 3, na ule uliofuata wa 2016 hadi 2019 ukafika bilioni 5.1. Hizo ni za kuonesha Uingereza tu, nchi za nje hazimo. Washindani wameongezeka na pesa iliyokuwa ikienda kwa mwenye mti imepanda karibu mara tatu katika minada miwili.

Na kuna jambo jengine ambalo kila nikilifikiria naona linafundisha sana. Kabla ya mwaka 2007 Tume ya Ulaya ilisema si haki kampuni moja kuchukua mechi zote za ligi ya Uingereza, lazima zigawiwe. Nia ilikuwa njema, kumlinda mtazamaji. Mechi zikagawiwa mafungu, Sky ikachukua 92 kwa msimu na kampuni inayoitwa Setanta ikachukua 46. Kilichomfika mtazamaji ni kwamba jana alikuwa analipa pahala pamoja, leo anatakiwa alipe pahala pawili ili aone kile kile. Setanta wenyewe walianguka Juni 2009. Hivyo ukisikia "wameingia wengi", suali la kujiuliza ni hili, wanauza kitu kimoja au wamegawana vipande?

Haya, tuje kwenye mtandao. Kustrimu ni picha kukujia kwa intaneti kipande kipande huku unatizama. Tofauti yake na matangazo ya ungo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mie huielezea hivi. Mtu akifariki hapa kwetu taarifa hupelekwa redioni, inasomwa mara moja na Unguja na Pemba nzima inasikia, awe anasikiliza mtu mmoja au watu laki tano msomaji anasoma mara ile ile moja. Harusi sivyo. Harusi watu hualikwa, mwaliko unapita nyumba kwa nyumba, na wageni wakiwa elfu basi ni milango elfu. Satelaiti ni taarifa ya msiba: iko juu kiasi cha kilomita 36,000, inamwaga picha moja kwa wote, na nyumba ikiongezeka haimpunguzii jirani kitu. Intaneti ni mwaliko wa harusi, kila simu inaletewa nakala yake peke yake, na saa mechi inapoanza milango yote inagongwa kwa pamoja.

Ndo maana inaganda. Si lazima iwe uzembe wa mtu. Novemba 2024 Netflix walionesha ngumi za Mike Tyson na Jake Paul, wao wenyewe walisema wakati wa kilele milango milioni 65 ilikuwa inagongwa kwa pamoja, na watu chungu nzima wakalalamika picha inakwama, na hiyo ni kampuni yenye pesa na mitambo kuliko karibu wote. Italia, DAZN, kampuni ya kuonesha michezo mtandaoni, ndo wenye mechi za Serie A, ligi kuu ya kule, tokea 2021, na Agosti 2022 wikiendi ya kwanza ya ligi watu wengi hawakuweza kuingia mpaka serikali ikawaita kuuliza. Kwetu ongeza na hili, intaneti yetu inategemea nyaya zilizolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za pwani ya mashariki ya Afrika zilipokatika, Tanzania nzima mtandao ukawa wa kusukuma kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na ungo siku zile hakujua kama kuna kitu kimetokea.

Halafu kuna kuchelewa. Picha ya mtandao mara nyingi iko nyuma kwa nusu dakika au zaidi, kwa sababu inakatwa vipande, inapangwa, inapitishwa mitambo kadhaa ndo inakufikia. Kila mmoja wetu keshawahi kukaa na simu mpira uko katikati ya uwanja halafu anasikia baraza ya pili wanapiga ukelele wa goli.

Na bando. Hapa nasema kwa uchungu kidogo kwa sababu yamenifika, nimetia bando kwa ajili ya mechi moja, dakika ya sabini na kitu limekwisha, na usiku ule hata duka la kuongeza salio lilikuwa limefungwa. Kwa hesabu ya kawaida saa moja ya picha ya kawaida inakula karibu GB 1, ikiwa HD inaweza kufika GB 3. Mechi na mapumziko yake ni saa mbili, kwa hiyo GB 2 kwenda mpaka 6. Mtu anayetizama mechi mbili kwa wiki ni GB 16 kwa mwezi kwa picha ya kawaida tu, na hapo hajamtumia mtu hata video ya harusi. Kwa hiyo akikwambia mtu kifurushi cha aplikesheni ni rahisi kuliko king'amuzi, mwambie ajumlishe na bando. Anayelipa intaneti ya mwezi nyumbani isiyo na kikomo hesabu yake nyengine, na ndo maana Ulaya biashara hii imeshika, wengi wao wana mtandao wa waya ndani ya nyumba. Sie wengi tunaishi kwa bando la siku.

Sasa hao wenye mtandao kwa nini wanautaka mpira? Sababu zao si moja. Fikiria lile duka la mtaani lenye TV nje, jioni vijana wanajaa, mwenye duka hawatozi hata senti, lakini atauza soda, juisi, mkate, vocha. TV pale ni chambo. Amazon, wenye duka kubwa la mtandaoni, walipoingia Uingereza msimu wa 2019/20 walichukua mechi 20 tu kwa msimu, na wakazitaka za Disemba, mwezi ambao watu wao wananunua vitu vya sikukuu, ili mtu ajiunge na huduma yao aone mpira na hapo hapo aagize bidhaa. Apple, wauza simu, nao walichukua ligi ya Marekani, MLS, mkataba uliosainiwa kuwa wa miaka 10 kuanzia 2023 wenye thamani ya kiasi cha dola bilioni 2.5, na Messi akatua Inter Miami mwaka ule ule. Hawa kama mpira haukuwaletea faida moja kwa moja wana pahala pengine pa kuitoa, na wakiona chambo hakivui tena wanaondoka. Amazon mechi za Premier League kule Uingereza wameshaziacha tokea msimu wa 2024/25 ulipokwisha.

DAZN ni tofauti, wao ndo wanauza mpira na michezo yenyewe, hawana soda. Kwao hesabu ni ngumu zaidi. Kisa cha Ufaransa nakipenda kwa sababu kinaonesha kila kitu. Ligi yao iliuza haki kwa kampuni ya matangazo ya Mediapro kwa zaidi ya euro milioni 800 kwa msimu, kuanzia 2020. Miezi michache tu Mediapro wakashindwa kulipa, vilabu vilivyokwisha kusajili kwa pesa ya ahadi vikabaki vinahangaika. Amazon wakaokota sehemu kubwa ya mechi zile kwa kiasi cha euro milioni 250 kwa mwaka. 2024 wakaja DAZN kwa kiasi cha milioni 400, watu wakalalamika ghali, wengi wakenda kwenye linki za wizi, baada ya msimu mmoja tu wakaachana. Agosti 2025 ligi ikafungua chaneli yake wenyewe, Ligue 1+, mkulima kaamua kupakia embe zake akaenda nazo sokoni mwenyewe. Utaona basi kwamba "kuhamia mtandaoni" hakukuwa ushindi wa mtu, ilikuwa ni mti uliokosa mnunuzi wa kudumu.

Kwa hiyo yule anayesema TV imekufa namjibu hivi. Disemba 2023 Premier League iliuza haki zake za Uingereza kwa misimu minne kuanzia 2025/26, pauni bilioni 6.7, na waliochukua mechi zote za moja kwa moja ni Sky na TNT, makampuni ya TV ya kulipia. Kinachokufa ni mpaka uliokuwapo baina ya pande mbili hizi. Sky wana huduma yao ya mtandaoni. SuperSport inakuja kwa ungo na kwa aplikesheni, na kampuni yake mama, MultiChoice, tokea Septemba 2025 iko chini ya Canal+ ya Ufaransa. Azam nao wana ungo, wana antena, wana AzamTV Max kwenye simu. Yule yule aliyenunua mavuno anayaleta kwa gari mbili.

Nimeitaja Azam, na hapa kwetu lazima niseme, kwa sababu watu huchanganya. Mei 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya ligi kuu ya Tanzania Bara. Mwenye kundi hilo la makampuni, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa hapa Zanzibar, lakini mti uliouzwa pale ni wa Bara, vilabu vyetu vya Unguja na Pemba vina ligi yao na havimo kwenye hesabu ile. Na miaka 10 ni mingi katika biashara hii. Faida yake ni utulivu, Simba na Yanga na hata timu ndogo kabisa zinajua mwakani kuna kitu kitaingia. Hasara yake ni kwamba akija mnunuzi wa mtandaoni kesho na pesa nyingi, mti umeshakodishwa mpaka mkataba utakapokwisha.

Sasa hili la linki za bure. Sitaki kumhukumu kijana, najua hali za watu. Lakini tuelewane kinachofanyika: hiyo linki ni karafuu ya magendo. Mtu kaichukua picha ya aliyelipa anaipitisha njia ya panya, hukulipa pesa lakini unalipa kwa vyengine, unabonyezeshwa matangazo ya kamari, unadanlodishwa vitu usivyovijua, na simu hiyo hiyo ndo yenye pesa zako na picha za watoto wako. Ikizimwa dakika ya 80 huna wa kumpigia. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tokea mwaka 2003, haikuanzwa jana. Bure ya halali nayo ipo, usidhani haipo. Kombe la Dunia la Vilabu la 2025 DAZN walinunua haki za dunia nzima na wakaliachia watu watizame bure kwenye aplikesheni yao, chambo kama kile nilichokisema. Na Uingereza sheria yao ya mwaka 1996 inalinda mashindano makubwa kama Kombe la Dunia yasifungiwe kwenye TV za kulipia tu.

Wenye mabanda lao ni tofauti na la kijana na linki, na kuna kesi moja wataielewa haraka. Portsmouth, Uingereza, mama mmoja mwenye baa, Karen Murphy, aliona kifurushi cha biashara cha Sky ghali mno akanunua kadi ya Ugiriki, halali kabisa kule Ugiriki, akawaonesha wateja wake mpira. Akashitakiwa, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya, ikaamuliwa Oktoba 2011. Mahakama ikasema kumkataza mtu asitumie kadi ya nchi nyengine ndani ya Umoja hakufai. Ikasema pia jambo ambalo mie lilinishangaza, kwamba mechi yenyewe, wale watu 22 na mpira, haina hakimiliki kama kitabu. Chenye hakimiliki ni vile vilivyotengenezwa juu yake, wimbo wa ligi, michoro, alama za kwenye kioo, na hivyo kuvionesha baa bila ya ruhusa bado ni kosa. Kwa hivyo kaka wa banda ajue, kifurushi cha nyumbani kinauzwa kwa ajili ya sebule yako na watoto wako, kuweka viti na kukusanya kiingilio ni matumizi mengine na makampuni mengi yana kifurushi chake na bei yake. Ni vyema kuuliza kabla ya kuja kuulizwa.

Limebaki la kwetu, na hili ndo lililonifanya nikae chini niandike. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF, tukasherehekea, Julai mwaka ule ule tukavuliwa. Kwa hiyo hatuna mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika za kuuza, wala za Kombe la Dunia, mti ule si wetu. Lakini si kwamba hatuna shamba. Tuna ligi yetu, tuna Kombe la Mapinduzi kila Januari. Mwaka 2025 Mapinduzi ilipelekwa Gombani, Pemba, zikacheza timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Usiku ule mie nilikuwa Unguja, mbele ya TV, machozi yananitoka, na simu haikunyamaza, ndugu zangu Muscat, London, Dubai wanauliza wapi waione.

Haki za matangazo hugawiwa kwa maeneo, nilisema mwanzo. Kampuni ikinunua Tanzania, aplikesheni yake inaweza kumfungia mlango aliye nje, kwa sababu eneo lile halikuuzwa. Kwa ligi kubwa hilo lina maana, nje kuna mnunuzi mwengine kalipa. Kwa mpira wetu mara nyingi nje hapana mnunuzi, na hapo mlango ukifungwa unamfungia mtu ambaye hapana mwengine aliyeuziwa mechi yake. Hapo ndo mtandao una kazi ya kweli kwa watu wadogo kama sie. FIFA wenyewe walifungua FIFA+ Aprili 2022 na wakawa wanaonesha bure mechi za nchi ambazo hapana TV kubwa inayozitaka.

Kwa hiyo wanaokaa mezani kuuza haki za mpira wa Zanzibar ningewaomba wasiuze mti mzima kwa mkupuo mmoja. TV ya ndani na iuzwe, tena kwa anayetoa bei nzuri, kwa sababu nyumba nyingi za Micheweni na Makunduchi zitaupata mpira kwa ungo na antena, hazitaupata kwa bando. Haki ya intaneti kwa walioko nje iandikwe mstari wake peke yake kwenye mkataba, na ikiwa hapana wa kuinunua ibaki mkononi mwa shirikisho letu, ili fainali nyengine ya Gombani ikija yule ndugu wa Muscat akipiga simu kuuliza wapi aione, niwe na linki ya halali ya kumtumia.